Saini Yangu Kwenye Mfumo Mpya

Huku milimani, Usambara
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu,

Shikamoo. Ya pili mpe Mama, na mwambie aipokee bila kuguna, maana najua nimekaa kimya kuliko inavyofaa. Kifua chako kimetulia? Dada aliniambia kwamba masikio sasa yamegoma kabisa, na kwamba nikipiga simu unaishika tu na kusema "haya, haya, tunashukuru" bila kusikia hata neno. Basi nimeona nikuandikie, kwa kuwa macho yako bado mazima, na kwa kuwa haya ninayotaka kukueleza siyo ya kupigiwa kelele kwenye simu.

Mwili wangu mzima. Baridi ya huku ni ile ile, ukungu unaingia mpaka chumbani, na nguo ninayoifua Jumatatu naivaa Alhamisi ikiwa bado na unyevu. Chakula kipo tele, viazi, kabichi, maharage, na wenyeji ni watu wema. Lakini kwa muda nilikuwa sili vizuri, Baba. Uliuliza kupitia Dada kwa nini sikuja Idi. Sikuwa na dharura yoyote. Nilikuwa nimejaa kinyaa, na sikutaka kukileta nyumbani kwako.

Unajua kazi yangu ni kupiga picha za eksirei katika hospitali hii ndogo. Mgonjwa analala, mashine inapiga, picha inatokea kwenye kompyuta iliyo pembeni. Sasa, kila kompyuta ina kitu kinaitwa mfumo endeshi. Ndicho kinachoiamsha na kuiongoza, na programu nyingine zote zinakaa juu yake. Mafundi wa mitaani kuuweka huo wanaita kupiga windo. Kompyuta zetu zote zilikuwa na mfumo wa zamani, na zikaanza kuandika kwenye kioo kila asubuhi kwamba mfumo huo hautunzwi tena, tuhamie mpya.

Bwana Katibu ndiye anayeshika utawala wa hospitali, na tangu daktari wetu mkuu aende masomoni hana wa kumwuliza. Alirudi kutoka kwenye semina huko jijini akiwa amevaa kitambulisho cha semina shingoni, akakaa nacho wiki nzima. Akatuita wakuu wa vitengo.

"Sitaki kuongoza makumbusho," akasema. "Kompyuta zote zinahamia mfumo mpya. Zote. Kila mkuu wa kitengo atasaini kwamba amekubali."

Nisimwonee, Baba. Kwa kompyuta za masijala na za dawa alikuwa na hoja. Zimeunganishwa na mtandao, na mfumo usiotunzwa ni kama nyumba iliyong'olewa komeo. Mimi mwenyewe ningesaini kwa hizo. Lakini ya kwangu haikuunganishwa na mtandao wowote. Ilikuwa inafanya kazi moja tu, na ilikuwa inaifanya vizuri.

Nikampigia fundi wa mashine zile, yuko Dar es Salaam, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuniacha hata nimalize.

"Usiguse," akasema. "Programu yenu ya picha haikai juu ya mfumo mpya. Mkiuweka, mashine itawaka na picha hamtaiona. Iacheni hiyo moja ilivyo mpaka mtakapopata programu nyingine. Umenielewa, kijana?"

Nilimwelewa. Nikaenda kwa Bwana Katibu, nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa anakula matunda damu, mbegu anazitemea kwenye kisahani, na hakuacha kula.

"Fundi wako anataka kutuuzia programu," akasema.

"Hajaniuzia kitu, mzee. Amesema tuiache."

"Wote mnaoogopa mabadiliko mnazungumza hivyo hivyo." Akafungua faili, akatoa karatasi mbili, akaziweka mbele yangu pamoja. Moja ilikuwa ya kukubali mfumo mpya. Nyingine ilikuwa mkataba wangu wa kazi, ambao muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Hakusema lolote juu ya huo wa pili. Aliifuta mikono yake kwa leso, akanisukumia kalamu.

Nikasaini, Baba. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Nilitoka mle ndani nikiwaza habari za chakula cha mchana.

Jumamosi wakaja mafundi wawili kutoka mjini, wakapita chumba hadi chumba. Jumatatu kukawa na sherehe. Kompyuta ya mapokezi ilifungwa utepe, ukakatwa, tukapewa soda na biskuti, mpiga picha akatupanga kwa urefu. Bwana Katibu akahutubia kwamba sasa tumeingia ulimwengu wa kisasa. Wakati anahutubia, mimi nilikuwa nimeshawasha ya kwangu. Kioo kilikuwa kizuri sana, cha buluu, kina picha ya ziwa. Programu ya eksirei nilipoibofya ilifunguka nusu ikafa. Nikajaribu mara nyingi nisizozihesabu. Nikatoka nikanywa soda pamoja na wengine.

Jioni nikamwambia Bwana Katibu. Akasema mafundi wanalijua tatizo, ni dogo, niwaambie wagonjwa warudi Jumatatu ijayo. Nikampigia tena yule wa Dar es Salaam. Akasema, "Jumatatu ipi? Nilikwambia nini mimi?" Kwa hiyo nilijua. Naomba hapo usipapite haraka, Baba. Nilijua.

Keshokutwa yake wakaja watu kutoka upande wa Mgwashi wamebeba mama mmoja kwenye machela. Anaitwa Mama Zubeda, mjane, mkulima. Alikuwa anashuka shambani na mzigo wa viazi kichwani, mvua imenyesha, njia imekuwa telezi, akaenda chini na mguu ukabaki umekunjwa chini yake. Zubeda, binti yake, mwenye watoto wake mwenyewe, alitembea pembeni ya machela njia yote akimshika mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba hata huoni mfupa uko wapi. Tabibu akautazama, akasema hawezi kujua kama umevunjika au umeteguka mpaka aone picha, wala hawezi kuunyoosha kwa kubahatisha. Akamfunga kipande cha ubao, akampa dawa ya maumivu, akamleta kwangu.

"Onga mshi, daktari," yule mama akanisalimia kwa Kisambaa, akiwa amelala chali, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mimi siyo daktari, ila ndivyo wanavyotuita.

Nikamjibu. Kisha nikamwambia, "Mama, mashine inarekebishwa. Rudini Jumatatu, itakuwa tayari."

"Jumatatu kweli?" Zubeda akauliza. "Maana kumtoa kule ni kazi, kaka. Kama siyo hakika, tumteremshe Muheza. Mjomba yuko kule."

Nikasema, "Jumatatu kweli."

Nilisaidia kuibeba machela mpaka getini.

Jumatatu walirudi. Waliondoka kwao alfajiri, wanaume wanne wanapokezana, matope yamewafika magotini. Nikawaambia Jumatatu nyingine. Safari hii Zubeda hakungoja nimalize. Aliwaambia wale wanaume kwa Kisambaa waigeuze machela. Wakamshusha mpaka barabarani, wakapata lori la kabichi, mama wa watu akalazwa juu ya magunia mpaka Muheza. Kule akapigwa picha siku hiyo hiyo. Ulikuwa umevunjika, na kwa kuwa siku zimepita, ulikuwa umeanza kuungana vibaya. Ikabidi waurudie upya. Unajua maana ya kuurudia, Baba. Sitaki kuiandika.

Haya niliyapata kwa tabibu wiki iliyofuata. Jioni ile nilikwenda nyuma ya chumba cha kufulia. Kule ndiko walikotupa kompyuta ambazo mafundi walisema haziwezi mfumo mpya, mashine nzima kabisa, zimerundikwa kwenye mvua kama magunzi, maji yanaingia humo na konokono wanatembea juu ya vibodi. Kila moja ililetwa huku kwa msaada wa mtu aliyedhani anatufaa. Nilisimama pale nikatapika, Baba, kweli nilitapika. Nilijaribu kusingizia biskuti za sherehe, lakini siku zilikuwa zimeshapita nyingi.

Nikatafuta mle moja iliyokuwa chini ya bati, kavu, inayokaribiana na ya kwangu, maana kuufuta mfumo mpya kwenye ya kwangu Katibu asingekubali. Sikuomba ruhusa. Fundi wa Dar es Salaam akanitumia diski za mfumo wa zamani na za programu kwa basi la Lushoto, nikazipokea stendi, na kwa simu akanielekeza hatua kwa hatua kwa siku mbili, akinigombeza muda wote. Siku ya pili picha ikatokea. Ilikuwa ya mkono wangu mwenyewe. Niliitazama mifupa yangu vile ilivyopangika vizuri, nikaizima.

Unadhani Bwana Katibu alikasirika? Hata kidogo. Alileta wageni kutoka Lushoto chumbani kwangu, akaigonga ile kompyuta kuukuu kwa kidole, akasema, "Haya ndiyo matunda ya mageuzi yetu." Wageni wakaandika. Mtu huyu nikimwona anakula, chakula changu nakisukuma.

Halafu akaniita. Bodi ya hospitali ilikuwa imesikia kwamba eksirei haikufanya kazi karibu mwezi mzima, inataka maelezo. Alikuwa ameshayaandika. Yalisema radi ilipiga, ikaunguza kompyuta ya picha, na kwamba mkuu wa kitengo, yaani mimi, nilijitahidi sana kuirudisha. Nilisifiwa humo kwa maneno matatu mazuri. Kilichobaki kilikuwa saini yangu.

Nikamwomba nikalale nayo. Akacheka, akasema, "Sasa unajifunza kusoma kabla ya kusaini?" Alisema hivyo, Baba, kwa kinywa chake.

Ijumaa iliyofuata nikapanda mpaka kwa Mama Zubeda. Nilimkuta kibarazani ana plasta mpaka gotini, anachambua maharage. Zubeda aliponiona akasimama mlangoni, akakunja mikono. Nilimwamkia mama, akaitikia. Nikasema, "Mama, ile siku ya kwanza niliyowaambia mrudi Jumatatu, nilijua haitakuwa tayari. Na kabla ya hapo niliambiwa mashine isiguswe, nikasaini iguswe."

Zubeda akasema, "Ondoka hapa."

"Mwache," mama akasema. Aliendelea na maharage yake, mabovu anayatupa uani, kuku wanayakimbilia. Baadaye akauliza, "Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja kukwambia."

"Haya, umeniambia. Na huko kazini umewaambia?"

Nikasema bado.

Ndipo akaniinulia uso kwa mara ya kwanza. "Basi umeanza na mimi," akasema, "kwa kuwa mimi siwezi kukufanya kitu."

Zubeda alinitolea kikombe cha chai, kwa sababu ndiyo desturi yao, akakiweka chini mbali kidogo na mimi. Nilikinywa. Sijapata kunywa kitu kigumu kumeza kama ile chai.

Nilirudi nikaandika maelezo yangu kwa mkono, kurasa mbili. Nikaandika alichosema fundi, alichosema Katibu, nilichosaini, nilichomwambia mgonjwa mara ya kwanza na ya pili, na kwamba hapakuwa na radi. Jumatatu nikaingia kwenye kikao cha bodi bila kuitwa, nikampa mwenyekiti. Bwana Katibu akasema nimechanganyikiwa kwa baridi. Mwenyekiti ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mkali. Aliyasoma yote huku tumesimama, akamwuliza Katibu kitu kimoja tu: "Hiyo radi ilipiga siku gani?" Katibu akataja siku. Tabibu aliyekuwepo akasema siku hiyo kulikuwa na jua, alianika mahindi.

Usidhani mambo yakaisha vizuri. Katibu yupo kazini. Alipewa onyo la maandishi, na mimi nikapewa lile lile, maneno yale yale, wamebadilisha jina tu. Mkataba wangu umeongezwa miezi sita badala ya miaka miwili. Bodi imeamua kompyuta ya picha isiguswe tena bila barua ya fundi wa mashine yenyewe, na hilo ni jema. Kuhusu Mama Zubeda, tabibu anasema atatembea, ila atachechemea, na mashamba ya kule yote ni mteremko.

Mwanzoni lile onyo lilinichoma, kuwekwa kundi moja na mtu yule. Nikalisoma tena. Linasema nilijua na nikanyamaza, na nikawadanganya wagonjwa. Hakuna neno la uongo humo. Nikasaini kwamba nimelipokea.

Sasa unajua, Baba. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa maandishi, nitasoma kila mstari. Nisalimie Dada na shemeji, mwambie shemeji ile redio yake asimpe fundi yeyote mpaka nije niitazame. Nisalimie Bibi mzaa Mama, na Baba Mdogo na wanawe. Mama mwambie nimeanza kula.

Nitapumzika mwezi ujao na nitakuja, uniruhusu tu.

Ni mimi mwanao wa pili,
Hamisi