Mapazia ya Hoteli

Dada yangu mpendwa,

Sisi huku wazima. Mwanangu ameota meno mawili, anamuuma kila anayembeba, na wifi yako anasema ukali huo ni wa ukoo wetu.

Jana nilikupigia simu nikuambie jambo, lakini ulipokea ukicheka, nikaishia kuulizia kikohozi cha mama. Kwenye barua sisikii kicheko chako, ndiyo maana naandika.

Uliponiomba nikutafutie vifungu vizuri vya mkataba wa kuishonea hoteli mapazia, nilichukua vya ofisini kwetu. Lugha imenyooka, hakuna neno la kubabaisha. Uliponiambia mwanasheria wa hoteli ameupitisha bila kugusa hata nukta, nilitembea kifua mbele siku nzima.

Juzi nimevisoma upya. Dada, ofisi yetu hununua, haiuzi. Vifungu vile viliandikwa kumlinda mnunuzi. Anaweza kuukataa mzigo wote bila kutoa sababu, na hasara ikabaki kwa fundi. Kumbe ndiyo maana hakugusa kitu! Na madirisha yale yalivyo marefu, mapazia yake utamuuzia nani mwingine?

Nakuja Jumamosi. Twende wote hotelini, nikaseme mwenyewe kwamba kosa ni langu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze mbele ya mama, sitajitetea.

Ila kitambaa kama bado kiko kwenye jora, nakusihi, usishike mkasi.

Ni mimi mdogo wako, yule unayewaambia wateja kuwa ni msomi.