Jina la Elia kwenye sanduku la barua

Annandale, Jumanne, Novemba 1998

Nimemfokea Neema, na hakuwa na kosa.

Kazini, pale makumbusho, bado tunapanga upya wadudu nondo wale wenye madoa kama ya chui. Wataalamu wameamua kwamba aina mbili ni moja, kwa hiyo jina moja halitumiki tena. Lakini lebo yake haitupwi. Inabaki kwenye pini ya nondo wake, na chini yake kuna lebo nyingine inayosema alipatikana wapi, mwaka gani, na nani aliyempata.

Nimerudi nikamkuta binti yangu anakwangua jina la baba yake kwenye sanduku la barua, akiacha langu, Rehema. Miezi minne tu tangu tumzike Elia.

"Mama, meneja wa jengo kasema litoke leo," akanijibu kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Nikamnyang'anya kisu.

Zimebaki herufi tatu.

Baada ya kula nimeteremka na karatasi ndogo kama zile za kazini. Neema akanifuata na gundi. Nimeibandika chini ya herufi hizo, ingawa najua meneja ataibandua. Nimeiandika:

Dodoma, 1974. Alipatikana na Rehema.