Hedi Mbili na Mlima Mmoja

Jumapili, 2 Juni

Kwiii. Halafu kimya.

Sauti hiyo imenikaa kichwani tangu jana. Pistoni ikibana ndani ya silinda, kisha tairi la nyuma likiburuzika kwenye changarawe — na Mama katikati ya mlima, mguu mmoja chini, mkoba wake wa ukunga mgongoni. Nilikuwa nyuma yake kwa miguu. Hakuanguka. Alisema tu, "Mtoto wako amezimia."

Mtoto wangu ni baiskeli. Niliifungia injini ndogo ya petroli katikati ya fremu ili Mama aache kupanda kwa miguu. Magoti yake yamechoka. Wajawazito wake wengi wanakaa kule juu, na kliniki imempa hadi Ijumaa aseme: anaendelea na nyumba za mlimani, au anahamia dirishani kugawa kadi. Mama, dirishani. Atanyauka ndani ya wiki.

Nimeifungua injini. Pistoni ina michirizi, lakini haijafa. Msasa laini utatosha.

Jumatatu, 3 Juni

Mjomba amekuja na hedi mpya. Aliibusu kabla ya kunipa. Hedi ni kifuniko tu cha silinda, lakini ugomvi wote wa nyumba hii sasa uko hapo.

Yake ni nyembamba, chumba chake cha ndani kimebana. Inaminya sana, kwa hiyo nguvu nyingi. Na joto jingi. Ninayoitaka mimi, iliyo tayari kwenye kisanduku changu cha vifaa, ni nene, mapezi yake mapana ya kupozea yamesimama kama kurasa za kitabu kilicholowa. Haiminyi sana. Nguvu pungufu, ila inapoa.

Mjomba: mlima unataka nguvu, mpwa wangu, siyo feni. Mimi: mlimani tunakwenda polepole, upepo hakuna, nguvu hiyo itajipika yenyewe. Amesema chuo kimeniharibu. Nimesema chuo hakikuwahi kuniona na spana. Tumecheka, lakini hakuna aliyelegeza.

Tutajaribu yake kwanza. Ni mkubwa wangu, na ndiye aliyenifundisha kushika spana.

Jumanne, 4 Juni

Hedi ya Mjomba. Nimepanda mimi, mfuko wa mchanga nyuma kufidia uzito wa Mama. Iliruka kama mbuzi hadi kona ya pili. Hapo ikaanza kugonga, kama kokoto ndani ya kopo. Nilizima kabla haijabana. Nikafungua plagi ya cheche: nyeupe kama chaki — injini imeungua kwa joto. Ingekuwa rangi ya chai, ningelala vizuri.

Alasiri, hedi yangu. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya ushindi. Ilifika kona ya tatu, ikachemka. Plagi nyeupe vilevile.

Mjomba alianza kuifuta hedi yake kwa kitambaa. Afadhali angenicheka.

Nimegusa kabureta, nimeongeza oili kwenye petroli. Najua joto linavyosafiri, nililifanyia mtihani nikafaulu. Mbona halitoki?

Jumatano, 5 Juni

Mama ndiye aliyegundua.

Alikuja uani kuikalia baiskeli, eti aone kama bado wanaelewana. Injini ilikuwa imetoka kuzimwa. Akavuta mguu haraka. "Hili bati lako litanichoma siku moja."

Bati langu. Nililikata mwenyewe kutoka kwenye debe la rangi, nikalikunja mbele na ubavuni mwa injini ili oili isirukie sketi yake nyeupe ya kazi. Mjomba alilisifu. Siku zote hizi tunagombania hedi, na injini tumeivika blanketi. Upepo unakuja, unagonga bati, unapita pembeni.

Nimelitoa. Nimecheka peke yangu mpaka machozi, halafu machozi yakawa ya kweli kidogo. Nilikuwa nalinda sketi.

Mama akauliza, na sketi je? Nikamwambia avae suruali. Amesema nimpe ya kwangu basi, maana zake ziliacha kumwenea nilipozaliwa.

Alhamisi, 6 Juni

Bila bati, hedi zote mbili zimefika juu. Zote!

Ya Mjomba kwa mbio, ila iligonga kidogo kwenye kona ya mwisho. Yangu polepole. Kuku wawili walinipita, mmoja akageuka kunitazama. Lakini plagi — rangi ya chai.

Mjomba: basi ya kwangu, ina nguvu na inafika. Mama naye anaitaka hiyo, hapendi kupitwa na kuku. Nimewaeleza: mimi nimepanda asubuhi, kuna ubaridi. Yeye atapanda mchana, jua la utosi, kila nyumba kuzima na kuwasha. Kinachogonga asubuhi, mchana kitabana. Mjomba akasema naogopa tu, kwa sababu ya Jumamosi. Inawezekana. Lakini plagi haiogopi kitu.

Mama alituangalia wote wawili. "Anayeipanda ni mimi. Anayeifunga ni huyu. Sasa kaka, wewe ni nani?"

Ijumaa, 7 Juni

Nimefunga yangu. Nati nne, kwa msalaba, kidogo kidogo.

Nimemwambia Mama kwenye kona ya mwisho asiilazimishe injini, apige pedali, aisaidie kusukuma. "Kusukuma?" akasema. "Unamfundisha nani?"

Ameondoka saa saba, suruali yangu imekunjwa mara mbili miguuni. Akimaliza nyumba zake atapitia kliniki kutoa jibu. Amekataa mtu nyuma yake. Hataki kusindikizwa kama mgonjwa.

Hajarudi. Wala si wakati wake wa kurudi, najua. Mjomba anaupima ua kwa miguu, pembe hadi pembe. Anataka amfuate na pikipiki yake, kwa mbali tu, Mama hatamwona. Labda nati imelegea. Labda mnyororo. Ninazo labda zake zote, na nyingine ambazo hata hazijui.

Sasa yuko sebuleni, anainua mito ya makochi mmoja mmoja. Anaapa kwamba ufunguo wa pikipiki aliuacha mezani alipokwenda kunawa. Ni kweli, aliuacha. Uko mfukoni mwangu tangu Mama alipowasha injini.