Randa Iliyopelekwa Sauna

Bismillahi.

Binti yangu Naile, nawe mkwe wangu Jukka,

Supu ya tambi imo jikoni. Ipasheni, kwa kuwa moto mnaumudu sana. Mimi nimekwenda msikitini na randa kubwa ya marehemu baba yangu, ile aliyolainishia mlango wa msikiti wetu. Mbao yake imepasuka ubavuni. Jukka aliisugua kutu ya chuma chake, akaipaka mafuta ya kitani, kisha kwa huruma ya Kifini isiyo na mpaka akaitia sauna, chumba chao cha joto kali, ili ikauke.

"Umeikausha au umeipika?" nilimwuliza asubuhi.

"Baba, hata mimi nilizaliwa sauna, wala sikupasuka!"

Nimeichukua randa, natoka bila kuaga. Seremala Fetih, nitakayemkuta kwenye sala ya adhuhuri, ataniambia kama inaungika.

Randa tatu zilizobaki ~~asiziguse mtu~~ Jukka na aendelee nazo, ila zikauke kivulini, polepole, mbali na moto wowote. Simnyang'anyi kazi. Kaka zako, Naile, hawajapata hata kuuliza zimewekwa wapi.

Wassalaam,
Baba yenu nyote wawili