Jina la Nyanya Kwenye Intaneti

Jumamosi, 5 Juni 1999

Leo tena nyuma ya duka la kina Hetal. Mbele Baba anawauzia watu misumari na mabati, kazi yake ya siku zote. Mimi na rafiki yangu Hetal tuko na kompyuta ya babake. Ile tovuti ya michoro ya watoto imechelewa kufunguka, intaneti hupita kwenye laini ya simu na simu ilikuwa inatumika. Nimechora mti mmoja tu. Kuchora kwa kipanya ni kama kuchora kwa kiazi.

Hetal amechora paka. Anafanana na gunia. Kule anajiita Twiga, kwa sababu ni marufuku kuandika jina lako, watu wabaya wasikutafute. Mimi nitakuwa Korongo.

Jumamosi, 12 Juni

Nimemaliza mchoro! Miamba ya Manga, ukungu, nyumba ya Nyanya, hata ng'ombe wake. Watoto wa dunia nzima watauona. Kimebaki kitu kimoja, mzazi aandike ruhusa. Baba amesema Jumamosi ijayo, akipata nafasi. Nimeomba asipate wateja. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 19 Juni

Nina hasira sana.

Baba alinawa mikono, akavaa koti, akaketi mbele ya kompyuta. Akaona jina Korongo.

"Korongo ni nani? Mtu anayeficha jina ameiba. Wewe nilikupa jina la mama yangu. Kwani hii nyumba ni ya ndege?"

Akafuta. Mahali pake akaandika kwa kidole kimoja: Nyaboke, jina langu na la Nyanya, kisha jina lake mwenyewe, ukoo, kijiji, shule, sanduku la posta. Kwetu ndivyo unavyojitambulisha, unasema wewe ni wa nani ndipo watu wajue wakusalimu vipi.

Hetal akasema, "Anko, hawataki hivyo." Baba akacheka.

Nitamkatazaje baba yangu mbele ya watu? Akabonyeza, mchoro ukaenda.

Jumamosi, 26 Juni

Wenye tovuti wameufuta mchoro. Wote.

Wameandika kwamba ulikuwa na habari za mtoto, wameuondoa kwa usalama wangu. Hakuna nakala. Usalama gani? Sanduku letu la posta mji mzima unalijua.

Paka wa Hetal bado yupo. Mtoto wa Kanada amemsifu. Namchukia paka yule. Namchukia na Hetal kidogo, na hana kosa lolote. Baba ndiye ninayemchukia zaidi. Basi, nimeandika.

Jumapili, 27 Juni

Kanisani Baba, asiyejua kwamba mchoro umefutwa, amewatangazia watu kwamba mama yake yuko kwenye kompyuta. Wamempa mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni alikuwa anapiga rangi viatu vyangu vya shule. Akaniita Mama, kama anavyoniita tangu nizaliwe, kwa ajili ya lile jina.

"Mama, huko Ulaya wamemwona nyanya yako?"

Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Nikasema wamemwona.

Si uongo mtupu. Aliyelifuta jina lile lazima alilisoma kwanza.