Mgogo Aliyeifunga Njia ya Ndoto Yangu

Mtani wangu Yona,

Habari kubwa naiweka mbele, maana hukuwahi kuwa na subira na maelezo yangu. Nalala. Nalala chumbani kwangu, kitanda kimoja na Mwajuma, usiku mzima au karibu mzima.

Ulipofariki uliniacha katika kile chumba cha uani, chenye magunia ya mkaa. Nilihamia mle watoto wetu wakiwa wadogo, kwa sababu nilikuwa nikirusha ngumi na mateke usingizini, nikaona niondoke kabla sijamuumiza mtu. Nyumba nzima ilizoea. Nikipiga kelele uani, ndani waligeuka upande wa pili wakaendelea kulala.

Lakini baada ya wewe kuondoka Mwajuma aligundulika ana kisukari. Daktari alituambia asilale peke yake, kwa kuwa sukari yaweza kumshuka usiku bila yeye kujua, na lazima awepo mtu wa karibu wa kumshtukia. Binti zetu wote wameolewa mbali. Mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyeogopa kulala karibu na mtu yeyote.

Ile ndoto unaijua. Ni wewe tu niliyewahi kukusimulia, pale kwenye kibanda chako cha baiskeli mtaa wa Ng'ambo, nawe ukaendelea kuziba pancha bila kuniangalia usoni, jambo ambalo nalishukuru hadi leo. Nairudia hapa kwa sababu nimefundishwa kwamba jambo likisemwa mchana hupungua nguvu.

Vitani, tukiwa tumeshavuka Kagera, nilimbeba mgongoni kijana wa kikosi chetu aliyepigwa risasi. Wewe ulikuwa mbele na mizinga. Nilimbeba nikizungumza naye njia nzima, nikimwambia habari za nyumbani, hadi kwenye hema la matabibu. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba alikuwa amekwisha fariki njiani, na kwamba kwa sehemu kubwa ya safari nilizungumza peke yangu. Ndotoni hema halipo. Njia haikomi, mgongo unazidi kuelemewa, na siwezi kumtua.

Kwa ajili ya Mwajuma nilikwenda hospitali, nikapelekwa kwa muuguzi wa magonjwa ya akili. Usicheke. Alinieleza kwamba hiki kinaitwa kiwewe, na si wazimu wala si woga. Akili ya mtu aliyepita kwenye hatari hubaki na mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Usiku ukiingia anapiga kengele kwa hatari iliyokwisha zamani. Akaniachisha kahawa ya jioni, na wazee wa barazani hawajanisamehe. Akanitaka niamke saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya.

Kisha akanipa zoezi. Nikae mchana, nikiwa macho, niichukue ile ndoto, niibadilishe mwisho wake nitakavyo, halafu niupitie mwisho huo mpya kila siku mpaka akili iuzoee. Mimi ni mwalimu, nikafanya kama mwalimu: nikasahihisha. Katika mwisho wangu kijana alifika hemani akiwa hai, akafungwa bandeji, akaomba uji. Nilifanya zoezi hilo kwa bidii kila alasiri. Ndoto ikarudi vilevile, haikupokea hata neno moja. Nilijua najidanganya, na ndoto nayo ilijua.

Nilikuwa katika hali hiyo nilipokwenda kumjulia hali mkeo, Mama Eliya.

Unakumbuka kwamba wewe hukuwahi kunipitisha mlango ule bure. Ulinyoosha mguu kizingitini ukasema, "Mnyamwezi, hii nchi ya Wagogo. Toa hongo upite." Nami nilikujibu kwamba babu zangu walibeba pembe kutoka Tabora hadi pwani, na babu zako walikaa kivulini wakingoja kuwatoza kwa maji ya kisima. Wajukuu wakidhani tunagombana, nilianza kuwaeleza historia: kwamba misafara ya kwetu ilipopita Ugogo ililipa ushuru ulioitwa hongo, na katika kukutana huko ndipo utani wa makabila yetu ulipokomaa. Nawe ulinikata kila mara: "Mwalimu, lipa kwanza, utafundisha baadaye."

Ndiyo maana siku tuliyokuzika nilifanya wajibu wangu wa mtani. Nilivaa aproni yako yenye grisi, nikasimama njiani mbele ya jeneza, nikasema leo njia ni ya Wanyamwezi, na Mgogo huyu hapiti mpaka watu wake walipe. Mchungaji aligeuza uso acheke. Mama Eliya alicheka huku machozi yanamtoka. Nikapewa kuku, njia ikafunguliwa. Baada ya hapo nilijiambia kwamba utani wetu tumeuzika pamoja nawe. Hapo nilikosea.

Basi siku hiyo nilimweleza Mama Eliya shida yangu, kwamba ile njia ya ndotoni haina mwisho. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha kuchambua.

"Shemeji," akasema, "njia yote hiyo hujakutana na Mgogo hata mmoja?"

Nikasema sijakutana naye.

"Na una mzigo?"

"Ninao."

"Basi hapo pana uongo. Baba Eliya akuone Mnyamwezi unapita na mzigo, akuache tu?"

Nilicheka mpaka nikakohoa, akanipa maji.

Nyumbani Mwajuma hakupenda. Akaniambia, "Baba Mwanahawa, marehemu haitwi hovyo. Akiitika je?" Nikamweleza kwamba simwiti mtu, nafanya zoezi tu, tena mchana kweupe. Akafikiri kidogo. "Sawa. Lakini mwambie asinikanyagie mkeka kwa mabuti yake."

Nikaanza upya. Kila alasiri, baada ya sala, nilikaa barazani nikafumba macho. Natembea, kijana yuko mgongoni. Mbele, katikati ya barabara, wewe umekaa kwenye kigoda, mguu umeunyoosha. "Mnyamwezi, toa hongo." Nasema sina kitu. "Una mzigo. Uweke hapa." Umekwisha tandika mkeka. Nakukabidhi kijana, tunamlaza wawili, wewe kichwani, mimi miguuni, unamfunika. Nanyoosha mgongo. Kijana hafufuki, Yona. Amekufa kama alivyokufa. Tofauti ni kwamba ametuliwa, na aliyempokea ni mtu ninayemjua. Huo mwisho niliweza kuuamini, maana kuzuia njia ilikuwa kazi yako ya kila siku.

Nikafanya hivyo kwa majuma kadhaa. Halafu ndoto ikaja, nawe ukawa pale. Hukunawa hata mikono, grisi tele. Hukusema yote niliyokupangia, na uliongeza matusi yako mwenyewe juu ya babu zangu. Niliamshwa na adhana ya alfajiri nikiwa nacheka.

Sitaki kukudanganya kwamba imekwisha. Kuna siku bodaboda ikipiga mlipuko wa moshi barabarani najikuta nimeinama. Kuna usiku ambao wewe unachelewa kutokea, nami naamka nimelowa jasho. Lakini sasa najua la kufanya: nakaa, nagusa ukuta, nataja vitu vilivyomo chumbani mpaka nijue niko wapi, kisha usingizi unarudi. Zamani haukurudi.

Nilirudi chumbani kwa woga. Mwanzoni Mwajuma aliweka mto mkubwa katikati yetu. Siku moja nikaona mto hauko. Malalamiko yake sasa ni kwamba nakoroma.

Na mwezi uliopita, kabla ya adhana, niliamka kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya wangu. Gauni limelowa, maneno yake hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka. Nilimkalisha nikamlisha asali ya Ipole, kijiko baada ya kijiko, nikiongea naye. Niliongea sana. Safari hii nilijibiwa. Alisema, "Inatosha, mzee, unanimalizia asali." Ningekuwa uani nisingesikia chochote.

Nilitaka ujue hilo. Nilikaa nalo muda mrefu kabla ya kuweza kuliandika.

Yona, kuna askari mwenzetu wa zamani nakutana naye pale kwa muuguzi. Analala kwenye kiti, mgongo ukutani, anautazama mlango. Yeye si mtani wangu, na sijui ni nani atakayekubali kusimama katika njia yake. Nakuahidi nitakaa naye mchana baada ya mchana, nisimharakishe, tumtafute huyo mtu. Na nakuahidi nitajitahidi kumsikiliza kuliko kumweleza.

Mama Eliya hajambo, namtembelea kila Jumapili akitoka kanisani. Pumzika, kaka, umenifanyia kazi ya kutosha. Mwajuma amejilaza mchana huu na mlango ameuacha wazi. Naenda kulala kando yake kidogo.

Mtani wako,
Mwalimu