Chipu Hazikuwa Feki

Utemini,
Singida.
24 Septemba 2025

Mpendwa kaka Sostenes,

Shikamoo kaka. Sijui kama utaipokea shikamoo yangu, lakini siwezi kuanza bila hiyo. Unaendeleaje huko Shenzhen? Wifi naye hajambo? Mama aliniambia mtoto alikuwa anasumbuliwa na kifua, nimekuwa nikimwombea, natumaini sasa anacheza. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anauguza magoti yake yale yale, na upepo wa mwezi huu unatutia mchanga mpaka kwenye masufuria.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu ulishanifungia kwenye simu, na sikulaumu. Barua anakuletea Winfrida, yule wa duka la vitenge, anayekuja huko kufuata mzigo.

Kaka, nakuandikia kuhusu zile chipu.

Unajua jinsi kazi ilivyoanza. Bwana Simeoni anatengeneza mashine za kukamua alizeti, mimi namchorea bodi, ile kompyuta ndogo inayokaa kwenye boksi la mashine, inasoma joto la pipa la kukaangia mbegu na kuzima moto likizidi. Wewe ulikuwa unatutafutia vifaa huko. Mwaka huu alikuwa ameahidi mashine kumi na nne kabla ya mavuno, na mimi mwezi wa kwanza wote niliupoteza nikibadilisha mchoro. Ndiyo maana mwezi wa pili nilikuwa nakuharakisha kila siku.

Mashine zilitoka kwa wakati. Mwezi wa sita simu zikaanza. Ya Shelui ilikuwa inaganda kila ikifika saa nane mchana. Ya kile kikundi cha akina mama cha Nduguti iliganda moto ukiwa unawaka, haikuzima, mbegu za watu zikaungulia ndani na moshi ukajaa banda. Amne, mwenyekiti wao, alichomoa nyaya kwa mikono yake na kuungua kiganja. Kimepona, ila kina kovu.

Bwana Simeoni alituita wote karakana. Akaishika bodi akaniuliza, "Jesca, hizi chipu zimetoka wapi?"

Nikasema, "Kaka yangu wa China ndiye aliyetuletea. Nadhani ametuuzia feki."

Nilisema hivyo mbele ya mafundi saba. Siku hiyo hiyo akakuandikia yale matusi. Na kwa kuwa baadhi ya mafundi ni watu wa Mtinko, huko kwenu, wiki haikuisha Mama Mkubwa akaulizwa mnadani kama ni kweli mwanae anawauzia ndugu zake vitu feki. Akaacha kwenda mnadani. Kisha akaacha na kwaya. Mama yangu alinieleza akilia, nami nikamjibu kwamba biashara ndivyo ilivyo.

Uliniandikia mara moja tu: "Jesca, rudi usome meseji za mwezi wa pili." Sikukujibu.

Ukweli haukutoka kwangu kwa hiari, kaka. Mwezi wa nane tulikwenda Shelui na fundi Anselm, tukaweka kipimajoto ndani ya boksi mashine ikifanya kazi. Kilisoma themanini na tatu. Anselm akatafuta karatasi ya maelezo ya kiwanda cha chipu, akaisoma taratibu kama mtu anayesoma maelezo ya dawa ya mgonjwa. "Hii mwisho wake sabini," akasema. "Chipu iko sawa. Sasa kaka yako kakosea nini?"

Nikampa simu yangu asome mwenyewe zile meseji za mwezi wa pili. Uliandika kwamba zilizopo dukani ni za vitu vya nyumbani, hazivumilii joto, na kwamba za viwandani zipo ila zitachukua wiki tisa. Ukaniuliza bodi inakaa wapi. Nami nikakujibu: "Tuma zilizopo. Boksi lina feni."

Feni nilikuwa nimeshaitoa mwezi mmoja kabla, kwa sababu ilikuwa inaziba na vumbi la maganda. Na boksi nililiweka ubavuni mwa pipa ili kupunguza nyaya.

Kesho yake nilimweleza Bwana Simeoni. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo umekaa miezi miwili unaniona namtukana mtu asiye na kosa?" Nikasema ndiyo. Hakunifukuza, ila sasa kila kifaa ninachoagiza lazima Anselm akikague kwanza. Mashine zote tumezizungukia, tukahamisha maboksi mbali na pipa na kuagiza chipu za viwandani. Ameniambia atakuandikia mwenyewe kukuomba radhi.

Kisha nikaenda Mtinko. Nilimkuta Mama Mkubwa anachambua vitunguu uani. Nilipiga magoti nikamweleza yote, na mkono wake haukuacha kuchambua. Mwishoni akasema, "Basi mwanangu, ulisahau. Kazi zikiwa nyingi mtu anasahau."

Nikaiacha ikae hivyo, nikanywa uji wake, nikarudi mjini.

Kaka, sikusahau. Hili hujaniuliza, na hakuna ambaye angeweza kulijua. Siku ile karakana, Bwana Simeoni aliponyanyua bodi, meseji yako niliiona kichwani neno kwa neno, pamoja na jibu langu. Ndipo nikakutaja. Wewe ulikuwa mbali, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu.

Nilikaa na jambo hilo siku tisa. Alhamisi nikarudi Mtinko nikamwambia na hilo. Safari hii aliweka kitunguu chini. Akasema, "Jumapili utakuja kanisani. Utawaambia wewe mwenyewe."

Nilikwenda. Baada ya matangazo mzee wa kanisa alinipa nafasi, nikasimama mbele nikasema kwamba Sostenes hakumuuzia mtu kitu feki, kwamba kosa ni langu na nililijua tangu mwanzo nikamsingizia. Nikarudia kwa sauti zaidi ili wa nyuma wasikie. Mama Mkubwa alikuwa amekaa na wanakwaya, amevaa sare yake.

Nilirudi naye nyumbani kwake kwa mguu. Akachinja kuku. Akaniandalia sebuleni, kwenye sahani za wageni, na kitambaa juu ya meza, akaninawisha mikono, kisha yeye akaenda kula jikoni na watoto. Kaka, tangu nizaliwe sijawahi kula sebuleni kwa mama yako, siku zote ni jikoni pamoja naye.

Nilikula. Sikujua la kufanya zaidi ya kula.

Sikuombi unifungulie simu, wala unitafutie kifaa tena. Nilitaka tu uyasikie haya kwangu mimi mwenyewe. Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Elisha naye, sasa anamalizia kidato cha tatu. Nisalimie wifi, umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde huko ugenini na kuwapa watu wa kuwasema vizuri mkiwa hampo.

Wako akupendaye, ingawa sikuonyesha,

mdogo wako,
Jesca